Amri ya Saba na Kompyuta ya Nyumbani



Jumamosi moja ya mwezi wa Novemba, vijana wa kipaimara walikusanyika nyumbani kwangu, hapa Rughenda, kwa sababu mvua ilikuwa imetanda na ukumbi wetu ulikuwa na shughuli nyingine. Nilikuwa nimewaandalia mafundisho ya Amri Kumi, nikayaweka katika kompyuta ili wayafuate kwa macho huku mimi nikieleza. Tulipofika kwenye amri ya saba, kijana mmoja aliyeketi karibu na kioo aliinua mkono. Nilidhani ataniuliza juu ya mahindi ya jirani au chenji iliyozidi dukani, kwa maana hayo ndiyo maswali ya amri ya saba miaka nenda miaka rudi. Yeye akaonyesha kwa kidole kona ya chini ya kioo, upande wa kuume, palipoandikwa kwa Kifaransa, kwa herufi zilizofifia, kwamba Windows hiyo haijaidhinishwa. Akasema: "Papa katekista, maandishi haya yanataka nini?"

Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya fundi. Wenzake walicheka kidogo, kwani wengi wao wanajua vema maandishi hayo yanataka nini. Nyumbani kwao yako pia. Mvua ikaniokoa. Bati likapiga kelele, nikapandisha sauti, tukaendelea na amri ya nane, ambayo, kama mnavyokumbuka, inakataza uongo.

Ninaandika ukurasa huu kwa sababu ya jibu lile.

Mashini hiyo, kama wengi wetu tunavyoiita huku, niliinunua ikiwa imekwisha kutumika, kwa mfanyabiashara aliyeileta pamoja na nyingine nyingi. Ilipoanza kuchoka, fundi mmoja aliifuta yote iliyokuwa ndani yake, akaweka Windows nyingine pamoja na programu ya kuandikia, akazivunja kufuli zote mbili kwa kile ambacho vijana hukiita kraki. Nikamlipa, nikamshukuru, nikaenda zangu. Sikumwuliza alikozitoa. Na juu ya mtu anunuaye kitu bila kuuliza kilikotoka, sisi makatekista tuna mafundisho yetu, tena tunayatoa kwa sauti kubwa.

Nimekaa na kisa hiki majuma mengi, na katika majuma hayo nimevipepeta visingizio vyangu kimoja kimoja, kama maharage kabla ya kutiwa chunguni. Cha kwanza ni kwamba mwenye programu ni tajiri, naye yuko mbali ng'ambo ya bahari. Hicho kilipeperuka mara moja. Utajiri wa mtu haujawahi kuwa ruhusa ya kuingia shambani mwake. Cha pili kina uzito zaidi. Nikichukua mbuzi wa mtu, zizi lake linabaki na pengo. Nikinakili programu yake, yeye bado anayo. Je, nimemwibia nini? Hapo niliwakumbuka wanakwaya wetu. Kwaya huchanga fedha mwaka mzima ili ilipie studio, na kabla nyimbo hazijauzwa kwa watu ishirini, zimekwisha kuhama kutoka simu hadi simu mjini kote. Hakuna aliyewanyang'anya wimbo. Wanaujua bado, wanauimba bado. Lakini jasho lao limeliwa, na deni la studio limebaki kwao. Wanaponijia na malalamiko yao siwaambii kwamba nakala haimpunguzii mtu kitu. Tena nchi yetu ina sheria ya kulinda haki za watunzi tangu tarehe 5 Aprili 1986, na sheria hiyo haikuandikwa kwa ajili ya wageni peke yao.

Cha tatu, kwamba kila mtu anafanya hivyo, nakiacha palepale nilipokiokota.

Kisingizio cha mwisho ndicho kilichonishika kwa muda mrefu, kwa kuwa kimevaa kanzu ya Kanisa. Kanisa linafundisha kwamba mali ya dunia iliumbwa kwa ajili ya wanadamu wote, na kwamba haki ya mtu kumiliki haiwezi kufuta haki ya maskini kuishi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alieleza hivyo katika karne ya 13, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inalirudia fundisho hilo katika ibara ya 2408: mtu aliyebanwa na hitaji la haraka na lililo wazi, la chakula, makao au mavazi, akichukua cha mwingine hahesabiwi kuwa mwizi. Basi nilijiambia: mwalimu wa Butembo, ambaye mshahara wake ni mdogo na tena hauji kwa wakati, ataitoa wapi bei ya leseni? Na bila kompyuta atayaandaaje masomo yake, atawaandikaje wakatekumeni wake?

Nikairudia ibara hiyo, safari hii polepole, kama tunavyowaamuru wanafunzi wasome. Ndani yake mna sharti ambalo nilikuwa nikiliruka kila mara: kuchukua huko kuwe ndiyo njia pekee. Mwenye njaa ambaye jirani amekwisha kumwandalia sahani mezani hawezi kuvunja ghala ya mtu mwingine na kusema njaa imemlazimisha. Umaskini wangu haukuwa na shaka yoyote. Nilichopaswa kujiuliza ni kama sahani iko mezani.

Iko, tena kwa zaidi ya miaka thelathini.

Mwaka 1983, mtaalamu mmoja Mmarekani, Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi katika chuo cha MIT, alitangaza kwamba ataandika mfumo mzima wa kuendesha kompyuta, ambao kila mtu ataruhusiwa kuutumia, kuuchunguza, kuurekebisha na kumgawia mwenzake. Kisa anachokisimulia mwenyewe ni cha printa. Maabara yao ilipewa printa mpya ambayo karatasi zilikwama mara kwa mara. Printa ya zamani nayo ilikuwa na ugonjwa huo, lakini Stallman alikuwa ameirekebisha programu yake ili iwaarifu watu karatasi ikikwama. Kwa hii mpya hakuweza. Alimwendea mtu aliyekuwa na maandishi ya asili ya programu hiyo, yaani yale maelezo ambayo mtunzi huandika na ambayo mtaalamu mwingine anaweza kuyasoma, akayaomba. Mtu yule akakataa, kwa sababu alikuwa ameahidi kutompa mtu yeyote. Stallman aliona kwamba mwenzake ameahidi kutomsaidia jirani, si huyu tu, bali kila jirani atakayekuja. Niseme wazi kwamba Stallman hamwamini Mungu, nami sina haja ya kumvisha rozari. Lakini swali lake, kwamba mtu aweza kwa haki kuahidi kutomsaidia jirani, lingefaa kabisa katika mafungo ya Kwaresima.

Mwaka 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki huko Ufini, aliwaandikia wenzake kwamba anatengeneza mfumo mdogo wa kompyuta kwa kujifurahisha tu, na kwamba hautakuwa mkubwa. Mwaka uliofuata aliuweka chini ya leseni iliyotungwa na Stallman. Kazi za wawili hao, pamoja na za maelfu ya watu waliojiunga nao baadaye kutoka kila bara, ndizo tunazoziita leo Linux.

Miezi michache kabla ya barua ya kijana yule, tarehe 1 Mei 1991, Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alikuwa ametoa waraka wake Centesimus Annus. Katika ibara ya 32 anafundisha kwamba siku hizi kuna umiliki mwingine usiopungua ule wa ardhi kwa umuhimu, nao ni umiliki wa maarifa na ufundi. Na katika ibara inayofuata anaonyesha jinsi watu wengi wasivyokuwa na njia ya kuyafikia maarifa hayo, wakabaki pembeni mwa maendeleo. Benedikto XVI naye, katika Caritas in Veritate ya mwaka 2009, aliwakemea wanaoyalinda maarifa kwa bidii iliyopita kiasi, hasa katika mambo ya afya. Sitasema kwamba Mapapa hao walikuwa wakizungumzia Linux. Nasema tu kwamba walipouliza maskini wataingiaje katika nyumba ya maarifa, walikuwapo watu waliokuwa wakitengeneza mlango, bila kujuana nao.

Mkazi wa Butembo hahitaji maneno mengi ili aelewe mlango huo. Sisi tunajua salongo. Barabara ya mtaa ikiharibika, kila nyumba inatoa mtu na jembe lake. Mwenye nguvu anachimba, mwenye mkokoteni anasomba mawe, mama mmoja analeta maji ya kunywa. Barabara ikimalizika, hata yule aliyelala nyumbani anaipitia, na hakuna anayemega kipande chake na kwenda nacho kwake. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeliongoza jimbo letu la Butembo-Beni kutoka mwaka 1966 hadi 1997, alitulea katika moyo huo wa kutongoja msaada wa mbali, na Chuo Kikuu cha Katoliki cha Graben, kilichoanzishwa mwaka 1989, ni moja ya matunda ya malezi hayo. Programu huria ni salongo ya wenye elimu ya kompyuta. Mmoja wa mifumo hiyo, uliotolewa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ulipewa jina la Ubuntu, na kwa miaka kadhaa, hadi 2011, kampuni yake iliwatumia watu wa dunia nzima diski za mfumo huo kwa posta bila malipo. Sisi tunaosema omundu na abandu hatuhitaji mkalimani wa jina hilo.

Hapa lugha yetu inatusaidia kuliko za wengine. Waingereza wana neno moja tu kwa kitu kisicholipiwa na kwa kitu kisichofungwa, nao wamebishana juu yake miaka mingi. Sisi tuna bure na tuna huria. Nakala yangu ya zamani haikuwa huria, na kwa kweli haikuwa bure pia. Nililipa fundi alipoiweka. Nikalipa tena ilipoingiwa na virusi kutoka kwenye flashi, mafolda yote yakageuka vijialama visivyofunguka, na orodha ya wakatekumeni wa mwaka mzima ikapotea; nikaiandika upya kutoka kwenye daftari, usiku mbili. Nikalipa mara ya tatu ilipogoma kuwaka. Nikijumlisha, fedha zilitoka mfukoni mwangu vilevile, ila hazikumfikia hata mmoja wa watu walioiandika programu hiyo. Huo ndio upande wa wizi ambao maskini hatuutazami: tunalipia kitu cha wizi, tena tunalipia mara nyingi.

Wengine watasema kwamba kitu kisicho na bei ni kibovu. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 zilizo kwenye orodha ya zenye nguvu kuliko zote duniani zinaendeshwa na Linux. Na kama huko ni mbali, toa simu yako mfukoni. Ikiwa ni ya Android, kama zilivyo nyingi hapa mjini, basi moyo wa mfumo wake ni Linux, na umekuwa ukiutumia miaka yote hii kuwapigia ndugu zako wa Beni na kupokea mahubiri kwenye WhatsApp.

Basi katika majuma ya kwanza ya Kwaresima nilifanya uamuzi. Kijana mmoja wa shirika letu, anayesoma mambo ya kompyuta chuoni, alikuja jioni na flashi yenye Linux Mint, aina nyepesi iitwayo Xfce, kama gigabaiti 3, aliyoipakua mahali penye intaneti nzuri. Hakuanza kwa kufuta kitu. Kwanza alinitaka nihamishie maandishi yangu yote kwenye diski ya nje, kisha nihakikishe kwa macho yangu kwamba yanafunguka huko. Baadaye akaiwasha kompyuta kutoka kwenye flashi yenyewe, bila kugusa kilichomo ndani, tukautazama mfumo huo kama mtu anayeonja mchuzi kabla ya kupakua: sauti inatoka, intaneti inashika, kioo kiko sawa. Mama watoto alipita akauliza kwa nini rangi zimebadilika. Ndipo tukaiweka kabisa. Kazi yote ilichukua muda wa maharage kuiva, tukala pamoja.

Kompyuta ina kumbukumbu ya gigabaiti 4 tu, nayo sasa inaamka haraka kuliko nilivyoizoea. Masomo yangu nayaandika katika LibreOffice, ambayo hufungua maandishi niliyoyaandika katika Word, ingawa safu za majedwali husogea kidogo na inabidi kuzinyosha. Kiongozi wa kwaya amefurahi kupata MuseScore, programu huria ya kuandikia nota za muziki. Kwa watoto kuna GCompris, yenye michezo ya kuhesabu na kusoma. Na kwa mwalimu aliye mahali ambapo megabaiti ni ghali, ninaisifu Kiwix, inayokuwezesha kuweka Wikipedia ya Kifaransa ndani ya kompyuta na kuisoma bila intaneti kabisa, hata umeme ukiwa wa betri.

Nisiwadanganye, maana nimekwisha kuivunja amri ya nane mara moja katika habari hii. Kuna mambo yaliyonishinda. Mweka hazina wa chama chetu cha akiba anatumia programu ya hesabu ambayo haikubali kuishi nje ya Windows, nami sikumshauri ahame. Aliye na leseni halali na aitumie kwa amani. Mwenye duka la kuchapisha nyaraka mjini ataniambia kwamba wateja wake wanaleta kazi zilizopangwa kwa Word na wanataka zitoke vilevile, na ana haki. Mkono wangu nao umezeeka katika njia za zamani. Juma zima la kwanza nilikuwa nikitafuta vitu mahali visipokuwapo, nikanung'unika kama Waisraeli wakikumbuka vitunguu vya Misri. Na virusi, ingawa vingi vya hivi vya flashi vimetengenezwa kwa ajili ya Windows, si ruhusa ya kupokea kila kitu kutoka kwa kila mtu.

Jambo la lugha linastahili maneno machache zaidi. Mfumo wangu nimeuweka kwa Kifaransa, kwa kuwa tafsiri yake ya Kiswahili bado ina mapengo. Lakini mapengo hayo yanaweza kuzibwa na sisi wenyewe, na hilo si ndoto. Mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Uswidi, walitafsiri kwa Kiswahili programu ya OpenOffice, ambayo ndiyo mama wa LibreOffice ya leo, wakaiita Jambo OpenOffice. Hawakumpigia mtu magoti kuomba ruhusa. Leseni ilikuwa imekwisha kuwapa. Mwaka huohuo kampuni ya Microsoft nayo ilitangaza kwamba itatoa programu zake kwa Kiswahili, na ni vema. Ila angalieni tofauti: lugha yenye watu wengi humpendeza mfanyabiashara, lugha ndogo hungoja. Kivinjari cha Firefox kinapatikana kwa Kiacholi, lugha ya ndugu zetu wa kaskazini ya Uganda, kwa sababu wenye lugha walikaa chini wakaifanya kazi. Tuna vijana wanaojua Kinande kizuri, wanajua Kifaransa, na wanakaa jioni nyingi bila shughuli. Wamisionari wa kwanza walijifunza lugha zetu ili waandike katekisimu. Ingekuwa ajabu sisi wenyewe tushindwe kutafsiri maneno "fungua", "hifadhi" na "funga".

Kuna na sababu nyingine ya kulitazama jambo hili sasa. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 10 imeacha kupata matengenezo ya kawaida ya usalama, na Windows 11 inayoirithi inadai kompyuta zenye vifaa ambavyo nyingi za zamani hazina. Kwa kawaida zile zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017 au karibu na hapo hazikubaliwi. Kompyuta nyingi zinazofika hapa mjini zikiwa zimetumika ng'ambo ni za umri huo. Hazijafa. Zinaweza kuandika, kuhesabu na kufundisha miaka mingine mingi. Baba Mtakatifu Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, alisikitikia mazoea ya kutupa vitu vingali na kazi. Nasi tunaoishi mwisho wa njia ya vitu hivyo tutaviona vikirundikana mabondeni kwetu, tusipovipa moyo mwingine.

Ndugu mmoja wa chama chetu aliyesoma maneno haya kabla hayajachapishwa aliniuliza kama ni kazi ya katekista kujishughulisha na kufuli za kompyuta, wakati watu wanauawa katika vijiji vya Beni na Lubero na wakimbizi wamejaa katika nyumba zetu. Swali lake ni zito, nami sitalijibu kwa wepesi. Namkumbuka tu Mwenyeheri Floribert Bwana Chui wa Goma, mwana wa mkoa huuhuu wa Kivu ya Kaskazini. Yeye alikuwa mkaguzi wa bidhaa mpakani. Alipewa rushwa ili aruhusu chakula kilichoharibika kipite, akakataa, wakamwua mwezi wa Julai 2007, akiwa na miaka 26. Kanisa lilimtangaza kuwa mwenyeheri huko Roma tarehe 15 Juni 2025. Sithubutu kuweka sadaka yake karibu na kona ya kioo changu. Lakini alichoombwa kufanya hakikuwa cha ajabu hapa kwetu: muhuri mmoja, kama inavyopigwa mihuri mingi kila siku. Vita vyetu vina mizizi mingi, na mmojawapo ni huu, kwamba tumezoea kuona karatasi isiyo halali, mzani usio halali na mali isiyo na mwenyewe kuwa mambo ya kawaida. Mtoto huanza kuzoea nyumbani, akimtazama mtu mzima anayemheshimu.

Kwa hiyo kabla Kwaresima haijaisha niliwaita vijana wale tena. Nikarudi kwenye amri ya saba, nikawaeleza maandishi yale yalitaka nini, na kwamba niliposema "mambo ya fundi" nilikuwa nimewaficha ukweli. Safari hii hawakucheka. Yule kijana aliyeuliza mara ya kwanza akainua mkono tena. Alitaka kujua kuhusu miaka yote iliyopita: Zakayo alirudisha mara nne, je, papa katekista atarudisha nini, na kwa nani? Katekisimu, katika ibara ya 2412, inamwunga mkono. Kilichochukuliwa bila haki kinadai kurudishwa. Nilimwambia kwamba swali hilo nimelipeleka kwenye kitubio, na kwamba jibu nililopewa litabaki huko.

Anayetaka kujaribu, tunakutana nyumbani kwangu kila Jumamosi saa tisa alasiri, baada ya mafundisho. Aje na kompyuta yake na flashi tupu ya gigabaiti 8 au zaidi, na awe amekwisha kuweka maandishi yake mahali pengine salama, maana hatutagusa mashini ya mtu ambaye hajafanya hivyo. Betri iwe imejaa. Hatutozi kitu, anayeweza alete maharage. Printa yangu bado haijakubali kusemezana na mfumo mpya, kijana wetu anasema atalishughulikia baada ya mitihani yake, na ukurasa huu nimeuchapisha kwa jirani, ambaye kioo chake bado kina maandishi yale kwenye kona ya chini.